Imeunganishwa, Lakini Hakuna Intaneti: Jinsi Ruta Inavyogawa Anwani za IP kwa Wateja Wako

Somo hili linamhusu kila mtumiaji anayelipia intaneti kisha akaigawa kwa wengine kupitia Wi-Fi: mwenye nyumba ya wageni, mgahawa, saluni, ofisi ya chama cha ushirika, au mzazi mwenye familia ya simu saba. Mifano yake tumeichukua Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kwa sababu huko Wi-Fi ya nyumba ya wageni hubeba mzigo mkubwa kuliko ilivyo katika miji mingi. Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne, na mfanyabiashara aliyetoka Kalemie au Bujumbura mara nyingi hufika akiwa na laini ya kwao. Kwake, Wi-Fi ya mahali alipofikia ndiyo njia ya kuwasiliana na nyumbani na kupata habari za mzigo wake.

Tuchukue mfano wa mgeni huyo. Ameshuka boti Kibirizi, amepanda pikipiki hadi nyumba ya wageni iliyoko Mwanga, ameomba neno la siri la Wi-Fi na kuliandika kwa usahihi. Alama ya mtandao imejaa. Chini yake yanatokea maneno «Inapata anwani ya IP», yanakaa kwa muda, kisha yanatoweka.

«Samahani mama, Wi-Fi yenu haishiki.»

«Mtandao leo unasumbua, baba. Tuvumiliane.»

Kesho yake mwenye nyumba ananunua kifurushi kikubwa zaidi. Hali inabaki ileile. Mwezi unaofuata anahamia kwa mtoa huduma mwingine, ananunua ruta nyingine, na kwa siku mbili tatu mambo yanakuwa mazuri kabla ya malalamiko kurudi. Fedha imetumika mara mbili, wala chanzo cha tatizo hakijaguswa, kwa kuwa tatizo halikuwa katika kifurushi wala katika mnara. Lilikuwa ndani ya ruta yake, katika ukurasa ambao hajawahi kuufungua.

Ruta ni mhudumu wa mapokezi

Kila kifaa kinachotumia intaneti hakina budi kuwa na namba ya kukitambulisha, ili ujumbe unaokijia ujue pa kwenda. Namba hiyo ndiyo anwani ya IP. Katika Wi-Fi ya nyumbani au ya biashara ndogo, namba hizo hutolewa na ruta yenyewe kupitia utaratibu unaojulikana kwa herufi DHCP. Simu inapoingia huuliza kama kuna nafasi. Ruta hujibu kwa kuipa anwani, kwa mfano 192.168.1.104, pamoja na muda ambao simu hiyo inaruhusiwa kukaa nayo.

Mwenye nyumba ya wageni hahitaji maelezo marefu hapa, maana anaijua kazi hii. Nyuma ya meza ya mapokezi kuna ubao wa funguo. Mgeni akifika anapewa ufunguo, jina lake linaandikwa katika daftari, naye anaambiwa siku ya kuondoka. Ubao ukibaki mtupu, mgeni anayefuata hulala kwingine hata kama lango liko wazi na taa zinawaka. Neno la siri la Wi-Fi ni lango. Anwani ya IP ndiyo ufunguo wa chumba. Mgeni wetu alipita langoni, akakuta ubao mtupu.

Tofauti iko mahali pamoja tu. Mgeni wa kawaida hurudisha ufunguo anapoondoka. Simu, kwa kawaida, hairudishi. Mwenye simu akimaliza chai na kuondoka, simu hutoka nje ya eneo la Wi-Fi bila kuaga, na ruta huendelea kuishikia anwani ile mpaka muda iliyopewa uishe.

Hesabu ya mgahawa

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Nyumba yetu ya mfano ina vyumba 14, na kila chumba kina vifaa viwili, yaani simu na kompyuta mpakato au simu mbili. Hivyo ni vifaa 28. Mapokezi yana kompyuta moja na printa moja, na ukumbini kuna televisheni inayotumia intaneti. Jumla ni 31. Chini kuna mgahawa, na kila mteja wa chakula hupewa neno la siri. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni wanaingia wateja wapya 8 kwa saa, kila mmoja akikaa nusu saa. Kwa saa hizo tano ni wateja 40.

Ruta nyingi ndogo hutoka kiwandani zikiwa na mgao uliokwisha kupangwa: nyingine anwani 100, nyingine 50 tu. Tuseme hii ina 50, na muda wa kukaa na anwani ni saa 24, kiwango kinachokutwa katika ruta nyingi. Ukitoa zile 31, zinabaki 19 kwa ajili ya mgahawa. Kwa wateja 8 kwa saa, anwani 19 zinakwisha saa saba na dakika ishirini hivi mchana. Kila anayeingia baada ya hapo anaona alama ya mtandao imejaa na hapati kitu, ingawa wakati huo mgahawani hawazidi watu wanne au watano. Kesho yake hali ni mbaya zaidi: anayewahi saa tatu asubuhi hapati hata anwani moja, kwa sababu zile 19 za jana bado zimeshikwa na simu ambazo wenyewe walikwisha kupita Mwandiga wakielekea Kasulu.

Punguza muda huo kutoka saa 24 hadi saa 2, uone. Mteja anayekaa nusu saa ataishikilia anwani kwa saa mbili badala ya siku nzima. Wateja 8 kwa saa, mara saa 2, ni anwani 16 kwa wakati mmoja. Ukijumlisha na zile 31, ni 47. Zinatosha katika 50, ingawa kwa tabu. Hakuna kifurushi kilichonunuliwa wala kifaa kilichobadilishwa.

Tunashauri mwenye nyumba ya namna hii afanye mambo mawili kwa pamoja: apunguze muda na aongeze mgao. Katika mtandao wenye anwani zinazoanza na 192.168.1, ruta yenyewe huchukua namba 1, na zinabaki 253 za kugawa. Ukipanga mgao uanzie 50 na kuishia 249 unapata anwani 200, na zile kuanzia 2 hadi 49 unazibakiza kwa ajili ya vifaa vya kudumu kama printa na kamera, ambavyo havipaswi kubadilishiwa anwani kila siku. Printa inayopotea kila Jumatatu asubuhi mara nyingi haijaharibika. Imehamishwa chumba na kompyuta haikuarifiwa.

Lakini kuongeza mgao hakuongezi kasi. Ruta ndogo ikibebeshwa simu 80 zinazotazama video kwa pamoja itazidiwa, hata kama kila simu ina anwani yake. Vilevile, vile vifaa vidogo vya mfukoni vinavyotumia laini ya simu vina kikomo chao cha vifaa vinavyoweza kuingia kwa pamoja, mara nyingi kumi au zaidi kidogo, na kikomo hicho hakiondolewi kwa kubadili mgao wa anwani. Kifaa cha namna hiyo kinamfaa msafiri. Kukiweka mgahawani ni kukionea.

Umeme ukikatika, na ruta ikiwa mbili

Ruta nyingi za bei nafuu haziandiki daftari lao mahali pa kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huamka ikiwa imesahau nani alipewa nini, na huanza kugawa upya. Simu au kompyuta yenye betri, ambayo haikuzimika, inaweza kuwa bado inatumia anwani yake ya zamani. Ruta isiyokumbuka inaweza kumpa mgeni mpya anwani hiyohiyo. Wageni wawili, ufunguo mmoja. Hapo huja ile hali ya mtandao kushika na kuachia, au kompyuta kuandika kwamba kuna mgongano wa anwani. Dawa ya haraka ni kuzima na kuwasha Wi-Fi katika kifaa chenye tatizo, ili kiombe anwani upya. Dawa ya kudumu zaidi ni betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta. Ruta inatumia umeme kidogo sana, na gharama ya betri hiyo haifikii usumbufu wa jioni moja ya wageni wanaolalamika. Muda mfupi wa kukaa na anwani nao husaidia, kwa kuwa kifaa huirudia ruta kuomba kuongezewa muda pindi nusu ya muda wake inapopita, na daftari hujiandika upya mapema.

Kosa la pili hufanywa na watu wenye nia njema. Ghorofa ya juu haipati mtandao vizuri, basi mwenye nyumba ananunua ruta ya pili na kuichomeka kwa waya kwenye ile ya kwanza. Sasa ana mapokezi mawili, kila moja likigawa funguo bila kuulizana na jingine. Simu nyingine zinapata anwani kutoka kwa ruta ya juu ambayo haijui njia ya kutokea, na zinakaa hapo zikiwa «zimeunganishwa» bila intaneti. Mmoja wetu aliwahi kukaa jioni nzima katika nyumba ya namna hiyo akiandika taarifa ya kazi, na kila aliposhuka ngazi mtandao ulikuwa mzima, akipanda unakufa. Ruta ya pili inatakiwa izimwe utaratibu wake wa DHCP, au iwekwe katika hali inayoandikwa Access Point, ili ieneze mawimbi tu na kazi ya kugawa anwani ibaki kwa moja.

Kujua kosa liko wapi kabla ya kulipa

Hiki ndicho kipimo tunachotaka kila msomaji akijue kabla hajatoa fedha zaidi. Chukua simu au kompyuta isiyopata intaneti, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa na utafute palipoandikwa anwani ya IP.

Ukikuta hakuna anwani kabisa, au kompyuta inaonyesha namba inayoanza na 169.254, kifaa hakikupewa anwani na ruta. Namba hiyo ya 169.254 kifaa hujipa chenyewe kinapokosa jibu. Tatizo limo ndani ya nyumba yako, na kifurushi kikubwa hakitakusaidia. Angalia mgao, muda, na kama kuna ruta mbili zinazogombana.

Ukikuta namba inayofanana na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha ruta yako, ikitofautiana mwishoni tu, kwa kawaida 192.168 au 10 na kuendelea, kifaa kimepata ufunguo. Basi sogea hatua ya pili: fungua ukurasa wa ruta na utazame anwani ambayo ruta yenyewe imepewa na mtoa huduma. Ikiwa ni sufuri tupu, 0.0.0.0, ruta haijapokewa upande wa mtoa huduma, na hapo ni haki yako kumpigia simu. Ikiwa ina anwani ya kawaida na bado hakuna intaneti, hakikisha kifurushi hakijaisha, kisha piga simu hiyohiyo.

Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kuandika katika kivinjari ile anwani ya kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kabla ya kubadili chochote, andika katika karatasi namba zilizokuwepo au zipige picha. Katika sehemu ya DHCP utaona namba ya kuanzia, namba ya kuishia, na muda ulioandikwa Lease Time. Uwe mwangalifu na kipimo cha muda huo: ruta nyingine huhesabu kwa dakika, nyingine kwa sekunde. Saa mbili ni dakika 120, au sekunde 7200; anayeandika 120 mahali pa sekunde atakuwa ameifanya kila simu iombe anwani upya kila dakika. Ikiwa ruta ni mali ya mtoa huduma, mwombe afanye mabadiliko hayo au akuruhusu. Na ukiwa hapo, badilisha neno la siri la kuingilia ukurasa huo ikiwa bado ni lile la kiwandani, kwa sababu mgeni yeyote mwenye udadisi analijua.

Kwa nini anwani yako ya nje si yako peke yako

Anwani zinazotumika zaidi hadi leo, za toleo la nne, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimegawanywa karibu zote. Afrika hupata mgao wake kupitia taasisi ya AFRINIC iliyoko Mauritius. Kwa sababu ya uhaba huo, anwani zinazoanza na 192.168 na 10 zilitengwa zitumike ndani ya nyumba na ofisi bila malipo, na mamilioni ya ruta duniani zinatumia namba zilezile bila kugongana, kama vile kila nyumba ya wageni ilivyo na chumba namba 4. Watoa huduma wengi wa simu nao hufanya hivyo kwa wateja wao: huwaweka wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, umo katika kundi hilo.

Kwa kusoma habari na kutuma ujumbe haina madhara. Ina madhara kwa mwenye duka Ujiji anayetaka kutazama kamera za duka lake moja kwa moja akiwa safarini, kwani kutoka nje hakuna njia ya kulifikia duka lake peke yake. Kabla hujanunua kamera au huduma, muulize mtoa huduma kwa maandishi: je, nitapata anwani ya umma, na je, haitabadilika? Kama jibu ni hapana, tafuta kamera zinazopitia kituo cha mtengenezaji wake, na ujue kwamba picha zako zitapitia huko.

Anwani inapotajwa na polisi

Wageni wako wote wanatoka nje kwa jina lako. Mmoja akituma tusi, vitisho au picha za aibu, kinachoonekana nje ni anwani ya ruta yako, na laini iliyomo ndani ya ruta hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, upelelezi wa makosa hayo unaweza kufika kwa mwenye laini, naye atatakiwa aeleze. Kwa maduka ya intaneti suala hili lilichukuliwa kwa uzito wa pekee: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Kanuni za mwaka 2020, ziliwataka wenye maduka hayo wahakikishe kompyuta zao zina anwani za umma zisizobadilika, na kufunga kamera za ulinzi. Mwenye duka la namna hiyo asome kanuni zinazotumika sasa kabla ya kufungua mlango.

Nyumba ya wageni si duka la intaneti, lakini busara ni ileile. Fungua mtandao wa wageni uliotenganishwa na wa ofisi, ikiwa ruta yako inaruhusu. Badilisha neno la siri mara kwa mara. Hakikisha saa ya ruta ni sahihi, kwani orodha ya anwani zilizotolewa haina thamani ikiwa inaonyesha mwaka usio wenyewe. Usiitegemee orodha hiyo kupita kiasi: simu nyingi za tangu mwaka 2019 na 2020 hujitambulisha kwa ruta kwa namba ya kubuni, na ukifuta mtandao kisha ukaingia upya baadhi ya simu huonekana kama ngeni. Kwa sababu hiyohiyo simu moja inaweza kushika anwani mbili.

Upande wa pili, usikusanye taarifa za wageni kuliko unavyohitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Kumwomba mgeni namba ya kitambulisho na picha yake ili tu apewe neno la siri la Wi-Fi ni kujitwika wajibu wa kuzitunza, na daftari linaloachwa wazi mezani haliwezi kuutimiza wajibu huo.

Ukibaki na lalamiko

Ukishapima na kuona kosa liko kwa mtoa huduma, mpelekee yeye kwanza, na uombe namba ya lalamiko. Asipokuridhisha, lilete kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo imepewa jukumu la kulinda maslahi ya watumiaji na Sheria ya mwaka 2003. Lalamiko lisemalo «mtandao mbovu» huchukua muda mrefu kufuatiliwa. Andika tarehe na saa, mahali ulipo, aina ya kifurushi, namba ya lalamiko uliyopewa, anwani iliyoonekana kwenye simu yako na ile iliyoonekana kwenye ruta, na kama umeme ulikuwa umekatika kabla ya hapo. Picha mbili za skrini zinatosha: moja ya simu, moja ya ukurasa wa ruta. Funika neno la siri kabla ya kuzituma.